Kilicholipiwa na Wananchi Kiwe cha Wananchi

Tuseme mmechanga pesa, mmenunua pampu ya kisima. Fundi ameiweka na maji yanatoka. Lakini amefunga kifuniko kwa kufuli, na ufunguo akaenda nao. Pampu ikiharibika, lazima aitwe yeye, na bei ni ile atakayosema. Je, pampu hiyo ni ya nani?

Serikali nazo hupatwa na shida hii. Siku hizi kazi za hospitali, ushuru na ardhi hufanywa kwa kompyuta. Kompyuta hufuata maagizo yaliyoandikwa na mafundi, ndiyo yanaitwa programu. Kodi yetu ikilipia programu, kisha kampuni ikaficha maagizo hayo, serikali haiwezi kutafuta fundi mwingine.

Dawa yake ni programu huria. Kila mtu ana ruhusa kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kumpa mwenzake. Bulgaria ilipitisha sheria mwaka 2016, kwamba programu zinazoandikiwa serikali ziwe huria. Uswisi nayo ina sheria iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 2024. Ofisi za serikali kuu lazima zitoe wazi maagizo ya programu zao, isipokuwa pale usalama au haki za wengine zinapozuia.

Pengine mtu atauliza, "Si siri za wagonjwa zitatoka nje?" Hapana. Kuonyesha jinsi kabati lilivyotengenezwa si kuonyesha barua zilizomo ndani.

Hata sisi tumefaidika. Mwaka 2011 Wizara ya Afya ya Kenya ilianza kutumia DHIS2 kote nchini kukusanya hesabu za zahanati, kama vile watoto waliochanjwa. Ni programu huria ya Chuo Kikuu cha Oslo, na pesa za umma za Norway zimeisaidia. Kibali hakilipiwi. Lakini tusidanganyane: kompyuta, mafunzo na mafundi bado vinataka pesa. Faida ni kwamba fundi unamchagua mwenyewe.

Katiba ya 2010 inataka wananchi washiriki katika mambo ya pesa za umma. Kwa hivyo mkiitwa kwenye kikao cha bajeti ya kaunti, msinyamaze.

Maswali ya kujadiliana:
1. Katika kikundi chetu, ni kitu gani tumelipia lakini ufunguo uko kwa mwingine?
2. Kaunti ikinunua programu, tuulize nini kabla mkataba haujatiwa sahihi?
3. Ni nani kati yetu atakwenda kuuliza?