Usinunue Kijisanduku Kabla ya Kupiga Hesabu ya Bando

Ukiingia Suuq Mugdi mjini Garissa kutafuta kifaa cha kuunganisha televisheni na intaneti, muuzaji atakutajia bei ya kifaa peke yake. "Walaal, hii ni elfu tatu, na iko na chaneli zote." Hiyo elfu tatu ndiyo gharama ndogo kuliko zote utakazolipa. Kubwa zitakuja kila mwezi kwa bando na kwa umeme, na hizo ndizo zitakazoamua kama kifaa kitawashwa au kitalala kabatini.

Basi anza na data. Kwa maelezo ya Netflix wenyewe, saa moja ya picha ya kawaida hula hadi GB 1, picha ya HD hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. Familia inayotazama saa mbili kila usiku itamaliza GB 60 kwa mwezi kwa picha ya kawaida, na ikipandisha hadi HD itafika GB 180. Mtu anayeishi kwa hotspoti ya simu na bando ya siku hawezi kuubeba mzigo huo hata akipewa kifaa bure. Kama mtaani kwako umefika mkonga, au una Wi-Fi ya kulipia kwa mwezi bila kuhesabiwa GB, endelea kusoma kwa moyo mkunjufu. Kwa aliye mbali na minara kuna dishi ya Starlink, ambayo ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023. Hiyo lakini ina mambo yake ya umeme, nitayafikia.

Kuna swali ambalo muuzaji hatakuuliza: unataka kutazama nini? Kama nyumbani kwako televisheni ni habari za Kisomali, Makka na Madina moja kwa moja, Al Jazeera na tamthilia za Kiarabu, basi dishi ya kawaida na dekoda isiyo na malipo ya mwezi inakutosha. Fundi analipwa mara moja, data hailiki hata kidogo, na mvua ikikata picha itarudi yenyewe. Vituo vya Kenya navyo vinapatikana bila malipo kwa dekoda ya antena mahali mawimbi yanapofika, tangu tulipohamia dijitali mwaka 2015. Kifaa cha intaneti kina maana kwa mwenye kiu ya YouTube, yaani mihadhara, katuni za watoto, masomo, na nyimbo za Hargeisa na Mogadishu, au kwa anayelipia filamu. Anayenunua kwa ajili ya mpira afikiri mara mbili. Ligi Kuu ya Uingereza haionyeshwi bure kihalali kwenye intaneti, na hizo "chaneli zote" za dukani ni mitambo ya wizi inayozimwa dakika ya sabini wakati mechi imenoga.

Ukishaamua kwamba unakihitaji, utakuta mezani makundi mawili. La kwanza ni stiki na visanduku vilivyoidhinishwa, kama Xiaomi TV Stick na Fire TV Stick ya Amazon, ambavyo mara nyingi hupatikana kati ya shilingi 5,000 na 8,000. La pili ni visanduku vyeusi vya majina kama MXQ Pro, T95 na X96. Bei yake ni karibu nusu, na maandishi kwenye boksi ni makubwa: 8K, RAM ya GB 8, hifadhi ya GB 128. Tarakimu hizo mara nyingi ni uongo mtupu. Ndani mna Android ya simu iliyovalishwa sura ya televisheni, na rimoti yake inakulazimisha kusogeza mshale kwenye skrini mpaka kidole kife ganzi.

Uongo wa boksi ningeusamehe. Kisichosameheka ni kilichofichwa ndani. Mapema mwaka 2023 mtaalamu wa usalama Daniel Milisic alieleza jinsi T95 aliyoinunua ilivyokuja na programu hasidi tangu kiwandani. Baadaye ukajulikana mtandao mzima wa vifaa vya namna hiyo, ukaitwa BADBOX, na Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, likatoa onyo kwa umma kuhusu toleo lake la pili. Kazi mojawapo ya programu hizo ni kugeuza laini yako kuwa njia ya panya: mtu wa mbali anapitisha shughuli zake za wizi kwenye intaneti ya nyumbani kwako, na zikifuatiliwa, alama zinaishia mlangoni pako. Kwa mwenye bando ya kuhesabu kuna pia hasara ya papo hapo, kwa sababu kifaa kinatafuna GB usiku kucha na televisheni imezimwa. Kile kijisanduku cha elfu tatu kinaweza kuipita bei ya stiki halali katika miezi michache.

Kukitambua si kazi ngumu. Kifaa kilichoidhinishwa na Google kikiwashwa kinakuomba uingie kwa akaunti ya Google (Fire TV ni ya Amazon) kabla ya kukupa ukurasa wa mbele, na rimoti yake ina kitufe cha kuongea. Kile cha magendo kinakuja na programu za filamu za bure zimeshapakiwa, na pengine kinakuelekeza uzime ulinzi wa Play Store ili zifanye kazi. Ukiambiwa uzime ulinzi, kirudishe kwa muuzaji. Hata Netflix huvishuku vifaa hivi: vingi vinapewa picha hafifu tu, au havipewi kabisa.

Tukiwa kwa Netflix, jihadhari na mtego unaowanasa wengi. Mpango wake wa bei ya chini kabisa nchini Kenya ni wa simu na tableti tu, haufunguki kwenye televisheni. Usinunue stiki ukitegemea mpango huo.

Kati ya stiki ya 1080p na ya 4K, chukua ya 1080p bila kusita kama bei zinapishana. Kwenye televisheni ya inchi 32 hutaona tofauti, na 4K ungeilisha nini? Hata HD yenyewe ipunguze. Kwenye akaunti ya Netflix kuna sehemu ya matumizi ya data: ukichagua kiwango cha chini, saa moja haivuki GB 0.3. Kwenye YouTube chagua 480p kwa mkono kila unapofungua video, kisha uzime ile tabia ya kuendelea na video inayofuata. Watoto wakilala na katuni ikiendelea, bando ya wiki inaweza kuisha kabla ya alfajiri.

Sasa umeme. Garissa ina kituo cha sola cha megawati 50 kilichozinduliwa Desemba 2019, ila umeme wake unaingia kwenye gridi ya taifa, kwa hiyo bado utanunua tokeni kama watu wengine. Wajir na Mandera kwa miaka mingi zimetegemea mitambo ya dizeli, na vijijini wengi wana paneli zao wenyewe. Habari njema ni kwamba stiki hula wati 3 au 4 tu. Televisheni ya DC ya inchi 24 inaweza kula wati 20, na ruta wati 10. Kwa saa nne za jioni hizo zote hazifiki hata wati-saa 150, mzigo ambao betri ya volti 12 na Ah 100 inaubeba bila taabu. Starlink ya kawaida peke yake ni wati 75 hadi 100, yaani wati-saa 300 hadi 400 kwa saa hizo hizo nne, na betri ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Mwenye sola ndogo atazame ile Mini, inayokula wati 25 hadi 40.

Stiki nyingi huja na waya wa USB, na fundi atakuchomekea nyuma ya televisheni. Tundu hilo kwenye televisheni nyingi hutoa ampea 0.5, ilhali stiki inataka ampea 1. Matokeo yake kifaa kinajizima na kujiwasha, nawe unadhani ni kibovu. Tumia chaja ya simu iliyo nzima, au kichwa cha USB cha volti 12 kama unaendesha sola.

Kisha joto. Garissa ikipita nyuzi 35, stiki iliyobanwa kati ya televisheni na ukuta inachemka na picha inakwama. Kile kiwaya kifupi cha kurefusha HDMI, ambacho wengi hukitupa pamoja na boksi, kinaitoa nje ipate hewa.

Hakikisha pia televisheni ina tundu la HDMI. Ile ya zamani yenye mgongo ina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu tu, na utahitaji kigeuzi cha HDMI kwenda AV. Kigeuzi hicho hakina bei kubwa, lakini maandishi madogo yatasomeka kwa shida.

Wenye ndugu Minneapolis huletewa Roku au Fire TV Stick kama zawadi. Fire TV Stick inafanya kazi huku ukishafungua akaunti ya Amazon, ila chaja ina meno bapa mawili na itataka adapta. Roku haiuzwi rasmi Kenya, na programu zake zinategemea nchi ya akaunti, kwa hiyo mwambie abti, yaani mjomba, aliyeko huko asijisumbue. Kama una ndugu Dubai, plagi za huko ni za meno matatu kama zetu.

Chromecast zilizotumika nazo zipo sokoni kwa bei ya kuvutia. Google iliacha kuzitengeneza mwaka 2024, na Machi 2025 zile za kizazi cha pili ziligoma duniani kote kwa siku kadhaa kwa sababu cheti cha ndani kilikuwa kimepitwa na wakati. Nyingi hazina rimoti, zinataka simu iwepo nyumbani kila wakati. Mama akibaki na watoto na simu umeondoka nayo, hawatazami kitu.

Siku ya kununua, nenda dukani na hotspoti yako iwe na GB 1 hivi. Mwambie muuzaji akiwashe mbele yako, fungua YouTube, acha video icheze dakika kumi, kisha ushike mwili wa kifaa uone kimepata moto kiasi gani. Bonyeza kila kitufe cha rimoti. Kama kimetumika, kifutwe akaunti ya mwenyewe palepale, si nyumbani. Na risiti iandikwe jina kamili la kifaa na siku unazoruhusiwa kukirudisha, kwa sababu ukishavuka daraja la Tana kuelekea Madogo, maneno ya mdomo hayatakusaidia.