Pikipiki Inakataa Kuwaka Ikiwa Kwenye Gia: Tufanye Nini?



Katika vikundi vyetu pikipiki si kitu cha anasa tena. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki za chini ya cc 250, na tangu hapo zimeenea hadi vijijini kabisa. Huku kwetu Eldoret, kuanzia upande wa Ziwa mpaka Burnt Forest, pikipiki ndiyo inapeleka maziwa kupozwa, ndiyo inaleta mbolea, na usiku ndiyo inambeba mama mwenye uchungu mpaka barabara ya lami. Ikigoma, anayeumia si mwendeshaji peke yake.

Tuchukue mfano. Mwanachama amebeba mikebe miwili ya maziwa, na mvua ilinyesha usiku kucha. Katikati ya mlima, kwenye matope, injini inazima akiwa gia ya pili. Anashika klachi, anabonyeza stata. Kimya. Anabonyeza tena. Kimya. Anamwita fundi kwa simu, naye anamwambia, "Leta hapa, labda injini imekufa." Wanatafuta gari la kuibeba. Maziwa yanakaa juani, na yanapofika yamekwisha kuchacha, yanarudishwa. Kumbe injini haikuwa na ugonjwa wowote! Kilichogoma ni swichi ndogo kama punje ya maharagwe.

Katika somo hili tutajifunza kutambua shida hii bila kulipa hata shilingi moja.

KWANZA: TUELEWE KAZI YA SWICHI

Pikipiki ikiwa kwenye gia, injini imeungana na gurudumu la nyuma. Ukizungusha injini bila kushika klachi, pikipiki itaruka mbele. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi wameweka swichi za kulinda. Kuna moja kwenye gia, ambayo huwasha ile taa ya kijani yenye herufi N. Nyingine iko kwenye mkono wa klachi. Pikipiki zingine zina ya tatu kwenye stendi ya pembeni.

Swichi hizi ni kama mlinzi wa lango. Anakufungulia ukimwonyesha mojawapo ya vitu viwili: ama gia iko huru (mafundi husema niutro), ama umeshika klachi. Usipomwonyesha chochote, umeme haufiki kwenye stata.

Lakini angalia: si pikipiki zote ziko hivyo. Zingine zimetengenezwa ziwake kwenye niutro peke yake. Hata kiki ni hivyo hivyo. Kuna pikipiki unazoweza kupiga kiki zikiwa kwenye gia ukishika klachi, na kuna zile ambazo ukishika klachi kiki inashuka tu bila kuzungusha injini. Huo si ugonjwa. Soma kile kitabu kilichokuja na pikipiki, au umuulize fundi mara moja na kuandika jibu kwenye daftari la kikundi.

PILI: FANYA MTIHANI HUU

Weka pikipiki mahali tambarare. Shika breki ya mbele. Watoto wasisimame mbele yake wala nyuma. Hakikisha ufunguo umewashwa, ile swichi nyekundu ya kuzima injini haiko kwenye kuzima, na stendi ya pembeni imepandishwa juu.

1. Tia niutro, taa ya kijani iwake, kisha bonyeza stata. Kama injini inazunguka vizuri, basi betri, fyuzi na stata ni nzima. Usikubali kuuziwa betri mpya! Kama haizunguki hata hapa, basi ugonjwa ni mwingine: anza na betri, vichwa vyake na fyuzi.

2. Sasa tia gia ya kwanza, shika klachi mpaka mwisho, ubonyeze stata. Sikiliza na utazame. Utaona mojawapo ya mambo haya:

(a) Kimya kabisa. Shida iko kwenye swichi ya klachi, waya zake, au swichi ya stendi.

(b) Injini inazunguka kwa shida, na pikipiki inataka kwenda mbele. Hapa swichi ni nzima. Klachi ndiyo haiachi vizuri.

(c) Kwenye niutro inawaka vizuri, lakini ukitia gia tu inazima, hata kama umeshika klachi. Mara nyingi hiyo ni swichi ya stendi, inayodhani stendi bado iko chini.

TATU: TIBA YA KILA MOJA

Swichi ya klachi. Inama uangalie chini ya mkono wa klachi. Utaona kidude kidogo chenye waya mbili. Shika na uachilie klachi polepole. Swichi nyingi hutoa sauti ndogo, "tik". Kama husikii kitu, huenda matope yameingia na kile kipini kimekwama. Kipanguse kwa kitambaa kikavu na ukisukume kwa kidole mpaka kiende na kurudi. Angalia pia kama waya zimechomoka au zimekatika, hasa kama pikipiki iliwahi kuanguka upande wa kushoto.

Swichi ya stendi. Hii iko chini karibu na tope, kwa hivyo inaumia sana wakati wa mvua. Osha kwa maji na brashi kuukuu, toa nyasi na mawe, halafu pandisha na kushusha stendi mara kadhaa. Kama springi imelegea na stendi haipandi yote, badilisha springi.

Klachi isiyoachia. Pima ulegevu wa mkono wa klachi kwenye ncha yake. Pikipiki nyingi zinataka kati ya milimita 10 na 20, yaani kama upana wa kidole kimoja. Ukizidi hapo, kebo imelegea: ikaze kwenye skrubu ya marekebisho. Lakini usiikaze mpaka ulegevu uishe wote, maana klachi itateleza na kuungua. Tena tukumbuke Eldoret iko juu, karibu mita 2,100, na asubuhi ni baridi. Oili ikiwa nzito, sahani za klachi hugandamana. Asubuhi washa kwenye niutro, uache injini ipate joto kidogo ndipo utie gia.

NNE: UKIKWAMA NJIANI

Yule mwanachama wetu wa mlimani angefanya nini? Kwanza, kama ana abiria, ashuke. Pili, ashike breki ya mbele ili pikipiki isirudi nyuma. Tatu, atafute niutro. Injini ikiwa imezima, gia huwa ngumu, basi aisukume pikipiki mbele na nyuma kidogo kidogo huku akigusa gia kwa mguu, mpaka taa ya kijani iwake. Halafu abonyeze stata au apige kiki. Ikishawaka, ashike klachi, atie gia ya kwanza, aende. Ni kazi ya dakika mbili.

TAHADHARI KUBWA

Fundi wengine wa njiani watakuambia, "Hii ni kazi ndogo, naunganisha tu hizi waya mbili." Ni kweli pikipiki itawaka, lakini umemfukuza mlinzi langoni. Siku moja mtoto atabonyeza stata pikipiki ikiwa kwenye gia, nayo itaruka imgonge yeye au mwenzake. Na ukiondoa swichi ya stendi, utasahau stendi iko chini, iguse barabara kwenye kona ya kushoto, uanguke na abiria wako. Fundi anaweza kuunganisha waya ili apime tu, gurudumu la nyuma likiwa juu. Akimaliza, azitenganishe na aweke swichi mpya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Pikipiki ya kikundi inaweza kuwaka ikiwa kwenye gia, au ni kwenye niutro tu? Kila mwendeshaji anajua?

2. Je, kuna waya ziliwahi kuunganishwa na fundi? Zitarudishwa lini, na pesa zitatoka wapi?

3. Nani ataosha na kukagua swichi ya stendi na kebo ya klachi kila Jumamosi, hasa miezi ya mvua?

Mkutano ujao, msianze na hesabu ya pesa. Toeni pikipiki nje, mfanye ule mtihani wa hatua mbili mbele ya wanachama wote, akina mama na vijana pia. Siku ya shida, yeyote atakayekuwa karibu awe anajua la kufanya.