Mtoto Mdogo Huzama Kimya

Methali inasema mfa maji haachi kutapatapa, lakini mtoto wa mwaka mmoja au miwili mara nyingi hana hata nafasi hiyo. Kichwa chake ni kizito. Akichungulia ndoo hutangulia kichwa, na mikono haina nguvu ya kumwinua. Hapigi kelele kwa kuwa mdomo umo majini. Maji yasiyofika magotini mwa mtu mzima yanamtosha.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5, na zaidi ya asilimia 90 ya vifo vyote vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Vijijini, wadogo hawa hawakwenda kuogelea. Walikuwa nyumbani. Kisima hakina mfuniko, shimo la kufyatulia matofali limejaa mvua ya masika, lambo la ng'ombe liko nyuma ya boma. Mama yuko shambani, na aliyeachiwa mtoto ni dada wa miaka saba, naye ni mtoto.

Huko Bangladesh ilionekana kuwa wadogo huzama zaidi kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana, kwenye mabwawa yaliyo hatua chache tu kutoka mlangoni. Ndipo vikaanzishwa vituo vya kulelea watoto viitwavyo Anchal: mwanamke wa kijiji hicho hicho hupewa mafunzo, akakaa na watoto wa majirani saa hizo za hatari. Vifo vilipungua sana. Kwa maoni yangu hili halihitaji kungoja mfadhili. Mkiwa akina mama watano wenye mashamba jirani, pangeni zamu: mmoja abaki na watoto, asipike wala kufua, kazi yake iwe hiyo tu.

Kisima kiwekewe mfuniko mzito, lambo lizungushiwe ua wa miiba, ndoo ikiisha kazi ipinduliwe. Aliyetimiza miaka sita afundishwe kuogelea, wasichana pia.

Mtu akizama, usijitose kama huna ujuzi. Ndugu wengi hufuatana hivyo. Mtupie kamba au dumu tupu lililofungwa kifuniko, au mnyooshee mti mrefu.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo: mnapoteza muda, na matapishi yanaweza kuingia mapafuni. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi tano mdomoni. Asiposhtuka, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, mpulizie mbili, na uendelee hivyo huku wengine wakitafuta usafiri. Akizinduka, mpelekeni kituo cha afya hata kama anacheka, maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumzidi saa kadhaa baadaye.