Kidole Changu na Hodhi la Samaki

Niliombwa niandike jambo la sayansi kwa Kiswahili, nami sikwenda mbali kulitafuta. Nilitazama tu kidole changu cha shahada, mkono wa kulia. Kina kovu la rangi ya zambarau.

Mjomba wangu anafanya kazi mahali wanapowekwa samaki wa mapambo, kaskazini mwa Mombasa. Hao si samaki wa kukaanga! Ni wale wadogo wa rangirangi wanaoishi kwenye matumbawe. Wapiga mbizi huwavua, wakakaa siku kadhaa katika mahodhi ya maji ya bahari, kisha husafirishwa kwa ndege hadi ng'ambo. Likizo ya Aprili mwaka jana nilikwenda kumsaidia kuosha mahodhi.

Jioni moja nilikuwa nikikuna nazi nyumbani, mbuzi ikanikata kidole. Kijeraha kidogo tu. Kesho yake nikamwonyesha mjomba, akacheka. "Tia mkono, mwanangu. Maji ya chumvi ni dawa, sisi tumeponea humo humo." Basi nikatia mpaka kwenye kiwiko, nikasugua mwani kwenye mawe saa nzima. Jeraha likakauka upesi, nami nikaona kweli mjomba ni tabibu.

Wiki tatu baadaye, shule imeshafunguliwa, hamadi! Pale pale pakaota kijivimbe chekundu. Hakikuuma sana. Bibi akasema ni chunjua. Kwenye zahanati nikapewa mafuta ya kupaka, halafu vidonge vya siku tano. Wapi! Kufikia Julai kilikuwa kidonda, na vivimbe vingine viwili vilikuwa vimepanda mkononi kama watu waliopanga foleni. Mtihani wa muhula wa pili niliuandika kwa mkono wa kushoto, na insha yangu haikusomeka. Mama naye akawa anahesabu nauli za hospitali kila jioni.

Mwezi wa Agosti daktari wa nne hakukitazama kidole kwanza. Aliniuliza, "Kijana, wewe hushika samaki?" Nikaduwaa. Kidole na samaki wapi na wapi? Manake nilikuwa nimekwisha kusahau lile hodhi kabisa.

Kiini cha maradhi haya huitwa Mycobacterium marinum, nacho ni wa ukoo mmoja na kile cha kifua kikuu na kile cha ukoma. Kilitambuliwa mwaka 1926 huko Philadelphia, Marekani, katika samaki wa baharini waliokufa hodhini. Mwaka 1951 wataalamu wa Uswidi wakakipata kwa watu waliochubuka ngozi kwenye bwawa la kuogelea. Kinapenda joto la nyuzi 30 hivi, na damu yetu ni nyuzi 37, kwa hiyo hukaa zaidi kwenye vidole na viwiko, mahali penye ubaridi. Tena hukua polepole. Uvimbe huonekana baada ya wiki mbili hadi nne, pengine miezi, na hapo ndipo penye mtego: mgonjwa ameshasahau, na daktari asipoambiwa atadhani ni jipu. Hata maabara ni lazima waambiwe, kwa sababu wakiotesha kipande cha nyama katika joto la nyuzi 37 kama kawaida, kiini hiki huenda kisiote vizuri.

Sasa hiyo chumvi ya mjomba. Maji ya chumvi ya hospitali yana gramu 9 za chumvi kwa lita, tena yameuliwa viini vyote. Ya bahari yana gramu 35 hivi, na viumbe wake wamezaliwa na kulelewa humo. Chumvi hiyo itawatisha vipi? Wako wengine wabaya zaidi, jamii ya Vibrio, ambao wakiingia katika jeraha mkono huweza kuvimba na kutoa malengelenge kwa siku moja tu, hasa kwa mwenye ugonjwa wa ini. Huyo asingoje kesho.

Daktari alisema mwenye jeraha asitie mkono hodhini mpaka lipone. Plasta pekee haitoshi, maji hupenya. Ikibidi, avae glavu ndefu za mpira zisizotoboka, kisha anawe kwa sabuni na maji safi. Na akiota uvimbe wowote, neno la kwanza kwa daktari liwe samaki.

Nilimeza dawa miezi minne, mpaka Desemba. Maradhi haya hayaambukizi mtu kwa mtu, lakini dada yangu alikataa kabisa kutumia kikombe changu. Kidole hakikunjiki sawasawa asubuhi za baridi. Mjomba naye amenunua glavu zinazofika kwenye makwapa. Anaziita soksi, na wenzake wakimcheka huwaambia waje wakamwone mpwa wake.