Somo la Soko: Chati ya Bei ya Kahawa na Kifurushi cha Nyongeza

MBINGA – Mwenye kahawa ya maganda ghalani huko Mapera huamua jambo moja kubwa kila msimu: auze sasa, au asubiri mnada ujao. Siku hizi uamuzi huo mara nyingi hufanywa mbele ya chati iliyopokelewa kwa simu, na aliyeichora huwa ameiachia kompyuta ichague kila kitu. Hapo ndipo fedha hupotea.

Chukua mfano wa gunia la kilo 50 lililoshuka kutoka dola 210 hadi 200 katika minada minne. Huo ni upungufu usiofika asilimia 5. Lakini Matplotlib, programu ya kuchorea iliyotolewa na John Hunter mwaka 2003 kwa watumiaji wa lugha ya Python, isipopewa maagizo huukata mhimili wa bei karibu kabisa na tarakimu zilizopo. Mstari huanzia juu na kuishia chini ya ukurasa. Muuzaji akiutazama huona soko limeporomoka, na mnunuzi mjanja hana sababu ya kumsahihisha.

Sura ya chati hizo ililalamikiwa kwa miaka mingi. Toleo la 2.0 la mwaka 2017 lilibadili rangi za awali, na ile ngazi ya rangi za upinde wa mvua ikaacha kuwa chaguo la awali. Kabla ya hapo Michael Waskom alikwisha toa Seaborn, kifurushi cha nyongeza kinachopandishwa juu ya Matplotlib. Kikishaitwa kwa jina la mkato sns, mstari mmoja hutosha:

sns.set_theme(style="whitegrid", palette="colorblind")

Mandhari huwa meupe yenye mistari hafifu, na rangi zinatofautishika hata kwa asiyetenga nyekundu na kijani. Amri ya sns.despine() huondoa fremu ya juu na ya kulia, ambayo haina kazi. Zamani kukiita kifurushi tu kulibadili sura. Tangu toleo la 0.8 la mwaka 2017 lazima kiamriwe. Anayefuata maelekezo ya kale hudhani kimeharibika.

Hata hivyo, kifurushi hiki hupamba tu. Mhimili uliokatwa hubaki umekatwa, tena sasa ukiwa na sura ya kuaminika zaidi. Mchoraji hana budi kuagiza mwenyewe plt.ylim(bottom=0), na ule mshuko wa dola 10 utaonekana kwa ukubwa wake halisi. Kwa chati ya miaka mingi, sifuri haitoshi. Bei ya New York ilikuwa chini ya senti 50 kwa ratili mwaka 2001, ikavuka senti 400 Februari 2025. Hapo hutumika kipimo cha logi, ambacho huonyesha kupanda kutoka 50 hadi 100 sawa na kutoka 200 hadi 400, kwa kuwa kote bei imeongezeka maradufu.

Kasoro nyingine ni miezi isiyo na mnada. Programu huunganisha bei ya mwisho ya msimu mmoja na ya kwanza ya msimu unaofuata kwa mstari ulionyooka, kana kwamba kahawa iliuzwa muda wote huo. Miezi hiyo ijazwe alama ya NaN, na mstari utakatika.

Vipimo navyo viandikwe. Mnada wa Moshi hutaja dola kwa kilo 50, New York senti kwa ratili. Kilo 50 ni ratili 110.23, hivyo senti 200 za New York ni takriban dola 220 kwa gunia la Moshi. Tena bei zote mbili ni za kahawa safi iliyokobolewa. Kilo 100 za maganda hutoa kama kilo 80 za kahawa safi, na gharama za kukoboa na kusafirisha bado hazijatolewa.