Mahari Ilipelekwa, Cheti Kiko Wapi?

Leo tuongee juu ya posa. Zamani kijana hakujipeleka mwenyewe. Kwa Wakikuyu wa Bahati na Subukia wazee walitangulia na mwati na harika, yaani kondoo jike na mbuzi jike wachanga. Ikafuata ruracio, kisha ngurario, mbuzi akachinjwa na ndoa ikajulikana. Majirani zao Wakipsigis walikaa koito, wakapatana ng'ombe. Cheti kilikuwa ni wale mashahidi.

Lakini mashahidi huhama, hufariki. Mume akifa mjane anaambiwa, "Wewe hukuolewa, toka shambani."

Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kimila, mradi wote wawili wametimiza miaka 18 na kukubali kwa hiari. Sherehe zikiisha, msajili wa ndoa ajulishwe ndani ya miezi 3. Cheti kiombwe ndani ya miezi 6, na mume na mke wafike wote wawili. Mahari haijaisha? (Nani aliwahi kuimaliza!) Sheria yasema kiasi kidogo cha kuonyesha nia chatosha.

Zungumzeni: ni wangapi hapa wana cheti? Wasio nacho, katibu aandike leo majina ya wazee waliokuwepo, wangali hai.