Antibiotiki kwa Mtoto: Mtoto Huyu, Ugonjwa Huu, Siku Hizi

Mzazi wa Kaagya ambaye mtoto wake amepandisha homa usiku, mvua inanyesha na zahanati iko mbali, hushawishika kutazama kwanza kilichobaki ndani ya nyumba: chupa ya dawa aliyoandikiwa mtoto mkubwa mwezi uliopita, au kapsuli chache za rangi mbili za mtu mzima. Tunakielewa kishawishi hicho. Hata hivyo, tunawaomba wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba waishike kanuni moja: antibiotiki hutolewa kwa mtoto huyu, kwa ugonjwa huu, kwa siku hizi. Kimojawapo kikibadilika, dawa iliyomponya mmoja yaweza kumdhuru mwingine.

Ugonjwa huu

Antibiotiki huua bakteria au huwazuia wasiongezeke. Hazina nguvu juu ya virusi vinavyoleta mafua na surua, wala juu ya vimelea vya malaria. Kwa kuwa malaria ipo Kagera, mtoto mwenye homa apimwe malaria kwanza. Akikutwa nayo, atapewa dawa mseto. Asipokutwa nayo, hiyo si ruhusa ya kumpa antibiotiki. Mtoa huduma ataendelea kutafuta chanzo cha homa.

Kwa mtoto mwenye kikohozi, mtoa huduma huhesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 anayepumua mara 40 au zaidi, hutazamwa kuwa na dalili ya nimonia, na huenda akahitaji antibiotiki. Mtoto anayeharisha maji matupu kwa kawaida haihitaji. Hupewa ORS na vidonge vya zinki. Akiharisha damu, apelekwe kituoni.

Homa haitibiwi kwa kubahatisha. Ugonjwa wa Marburg, uliotangazwa mkoani Kagera Machi 2023, huanza kwa homa kama magonjwa mengine mengi, nao huletwa na virusi ambavyo antibiotiki haiviwezi.

Mtoto huyu

Kipimo cha dawa ya mtoto hufuata uzito wake, kwa hiyo mtoto apimwe kwenye mizani. Kufungua kapsuli ya mtu mzima na kugawa unga kwa macho si kipimo.

Soma lebo ya chupa. Amoksilini ya maji hupatikana kwa nguvu zaidi ya moja: chupa moja huwa na miligramu 125 katika kila mililita 5, na nyingine miligramu 250 katika mililita hizo hizo 5. Mzazi aliyezoea ya kwanza, akipewa ya pili na kuendelea na kiasi kile kile, humpa mtoto dawa maradufu. Vijiko vya nyumbani navyo havilingani. Tumia kikombe au bomba la kupimia lililokuja na dawa.

Dawa ya unga huchanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa, hadi kwenye alama iliyo kwenye chupa, wala si zaidi. Maji ya ziwani, ya kisima au ya mvua yachemshwe kwanza. Tikisa chupa kila unapotoa dawa. Vidonge vinavyoyeyuka huyeyushwa katika maji safi kidogo au maziwa ya mama yaliyokamuliwa, na mtoto amalize chote.

Mweleze mtoa huduma ikiwa mtoto aliwahi kudhurika na dawa yoyote.

Siku hizi

Mpe mtoto dawa kwa saa na kwa siku zote alizoandikiwa, hata akianza kucheza siku ya pili. Dozi ikisahaulika, mpe unapokumbuka; muda wa inayofuata ukiwa umekaribia, endelea na hiyo, usimpe mbili kwa pamoja.

Dawa iliyochanganywa na maji haidumu: kwa kawaida huharibika baada ya siku 7 hadi 14, kama lebo inavyoeleza. Chupa ya mwezi uliopita, basi, si akiba. Tena, antibiotiki zikitumiwa ovyo, bakteria huzizoea, na usugu huo huenea kwa majirani. Siku mtoto atakapozihitaji kweli, huenda zisimsaidie.

Nenda kituoni bila kuchelewa

Mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kupoteza fahamu, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akivimba uso na kutokwa na vipele baada ya dawa, apelekwe mara moja. Mtoto wa chini ya miezi 2 mwenye homa asisubiri hata usiku mmoja.

Kabla ya kuondoka dukani

Antibiotiki hutolewa kwa cheti cha mtaalamu wa afya, katika famasi au duka la dawa muhimu lililosajiliwa. Usinunue sokoni wala kwa mchuuzi. Muulize mtoa dawa maswali manne, naye aandike majibu kwenye kifungashio:

1. Dawa hii inatibu ugonjwa gani?
2. Mtoto wangu, kwa uzito wake, apewe kiasi gani?
3. Mara ngapi kwa siku, na kwa siku ngapi?
4. Nikiona madhara, nifanye nini?

Kuuliza ni haki ya mzazi, na kujibu ni wajibu wa mtoa dawa.